Difu 4.10 kwenye barabara kuu: Chevelle ya 1970 ibadilishwe giaboksi au ekseli?

Swali: Shikamoo fundi. Nimenunua Chevrolet Chevelle Malibu ya 1970 hapa Columbus, Ohio. Ina injini 350 (ujazo wa inchi za mraba-tatu 350) yenye kabureta ya matundu manne, giaboksi ya otomatiki TH350, na difu ya boliti 12 ambayo mwenye gari wa zamani aliiwekea 4.10, yaani propela inazunguka mara 4.10 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi. Mjini linachomoka kama mshale. Lakini nikienda Indianapolis kwa dada yangu, injini inalia njia nzima, ndani hatusikilizani, na mafuta yanakwisha upesi. Rafiki mmoja ananishauri niweke difu 2.73. Wa pili anasema niweke giaboksi ya 700R4 nisiguse difu. Wa tatu anataka nitoe otomatiki kabisa niweke manyuo ya gia sita. Mke wangu naye huliendesha. Nifuate lipi, na nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa gari. Nitakupa jibu kwanza, maelezo yafuate. Weka giaboksi ya 200-4R iliyoimarishwa, iache difu yako ya 4.10 ilivyo kwa miezi michache, kisha ndipo uamue kama unaihitaji 3.73. Anza na giaboksi. Ukianza na difu unaweza kulipa fundi mara mbili kwa kazi ileile.

Yule aliyekuuzia hakukosea. Alikuwa na safari yake, nayo ni robo maili, mita 402. Chevelle yenye 350 iliyoongezwa nguvu hufika mwisho wa robo maili ikiwa karibu maili 100 kwa saa. Kwa tairi la inchi 26 na difu 4.10, kwenye maili 100 injini inazunguka mara 5,300 hivi kwa dakika, pale pale ambapo injini ya aina hiyo inatoa nguvu yake yote. Alipiga hesabu yake vizuri, ila hakupiga ya kwako ya maili 175 hadi Indianapolis kwenye barabara ya I-70, ambako ukitoka nje ya miji sheria ya Ohio na ya Indiana inakuruhusu maili 70 kwa saa, kama kilomita 113.

Hesabu yenyewe ni nyepesi na nataka uishike kichwani, maana ukiijua hakuna rafiki atakayekuyumbisha. Chukua mwendo kwa maili, zidisha kwa namba ya difu, zidisha kwa namba ya gia uliyomo, zidisha kwa 336, kisha gawanya kwa kipenyo cha tairi kwa inchi. Unapata mizunguko ya injini kwa dakika. Hiyo 336 inatokana na maili moja kuwa na inchi 63,360: ukigawa kwa dakika 60, kisha ukagawa kwa pai, inabaki 336.

Sasa tulipige gari lako. Gia ya tatu ya TH350 ni moja kwa moja, yaani 1.00. Kwa maili 70, 4.10 na tairi la inchi 26, injini inazunguka 3,700 kwa dakika. Ongeza kuteleza kwa toki konveta, kile kipande chenye mafuta kinachounganisha injini na giaboksi ya otomatiki, maana konveta ya TH350 haijifungi na hupoteza asilimia kadhaa, basi uko karibu na 3,850. Kwa saa mbili na nusu mfululizo! Si ajabu hamsikilizani.

Kabla ya kuziamini namba hizo, pima gari lako wewe mwenyewe. Nimeona watu wengi wakinunua vifaa kwa kufuata maneno ya muuzaji, halafu wanakuta difu si ile waliyoambiwa. Anza na tairi. Jaza upepo unaotumia kila siku, simamisha gari mahali tambarare, piga alama ya chaki kwenye tairi la nyuma pale linapogusa chini na alama nyingine sakafuni. Sukuma gari mpaka chaki ya tairi irudi chini, piga alama ya pili sakafuni, kisha pima kati ya alama mbili. Gawanya kwa 3.14 upate kipenyo. Utashangaa kidogo: tairi la 235/60R15 kwenye karatasi ni inchi 26.1, lakini likibeba uzito wa gari linabonyea na kipimo kinashuka. Kipimo hicho cha sakafuni ndicho unachokitaka.

Kisha difu. Inua magurudumu yote mawili ya nyuma, weka stendi imara chini ya ekseli (usiingie chini ya gari kwa kutegemea jeki peke yake hata siku moja), weka gia huru, zuia magurudumu ya mbele. Piga alama ya chaki kwenye propela shafti na nyingine kwenye tairi. Mwenzako azungushe tairi raundi kumi kamili huku wewe ukihesabu propela. Difu ya boliti 12 yenye Positraction (kifaa kinachofanya matairi mawili ya nyuma yavute pamoja) huzungusha matairi yote mawili upande mmoja, basi kama kweli ni 4.10, propela itazunguka raundi 41. Ikizunguka 37 na kidogo, umeuziwa 3.73. Namba hizi si za kubuni: 4.10 ni meno 41 ya krauni (gia kubwa ya ndani ya difu) yakigawiwa kwa meno 10 ya pinioni (gia ndogo inayozungushwa na propela), 3.73 ni 41 kwa 11, 3.31 ni 43 kwa 13. Ukiona tairi moja linakwenda mbele na la pili linarudi nyuma, huna Positraction, na hapo hesabu inabadilika: acha tairi moja chini, inua moja tu, na lizungushe raundi 20 badala ya kumi.

Tuje kwenye ushauri wa marafiki zako. Kila mmoja ameshika upande mmoja wa kitu kimoja. Giaboksi na difu si vitu viwili, mdogo wangu. Kwa tairi ni namba moja tu: gia mara difu. Na namba hiyo una haja ya kuitazama mahali pawili, gari linapoondoka na gari linapokimbia.

Kwa kuondoka, zidisha gia ya kwanza na difu. TH350 gia ya kwanza ni 2.52, mara 4.10 ni 10.33. Kwa gari la mtaani lenye injini ya V8 na uzito wa kilo 1,600 hivi, mimi hupenda namba hiyo iwe kati ya 9 na 11. Chini ya hapo gari linakuwa zito kunyanyuka kwenye taa. Juu ya 12, gia ya kwanza inakwisha kabla hujavuka makutano, na matairi yanazunguka bure. Ndiyo maana unalipenda gari lako mjini: 10.33 iko mahali pake.

Rafiki wa kwanza anasema 2.73. Piga: 2.52 mara 2.73 ni 6.88. Barabara kuu utapata mizunguko 2,470 kwa maili 70, raha kabisa. Lakini umetoka 10.33 ukaenda 6.88, umetupa theluthi nzima ya msukumo wa kuondoka. Utaruka majivu ukanyage moto. Gari litakuwa limetulia barabara kuu na limelala mjini, na mjini ndiko unakoliendesha siku nyingi. Zaidi ya hapo, difu ya boliti 12 ina kitu ambacho wengi hawakijui mpaka wamefungua. Ile nyumba inayobeba krauni iko ya aina tatu: moja kwa 2.73 na kushuka, moja kwa 3.07 hadi 3.73, na moja kwa namba kubwa kama 4.10. Krauni ya 2.73 haitakaa kwenye nyumba ya 4.10. Utanunua krauni, pinioni na Positraction nyingine kabisa.

Nisije nikaeleweka kwamba difu ndogo ni aibu. Chevrolet wenyewe walipotoa Chevelle SS 454 yenye injini ya LS6 mwaka huohuo wa 1970, gari la nguvu farasi 450, difu ya kawaida ilikuwa 3.31, na 4.10 ilikuwa ya kuagiza. Lakini 454 ina toki kubwa sana kutoka chini, toki maana yake ile nguvu ya kusokota shafti, na haihitaji kusaidiwa na difu. Yako ni 350.

Rafiki wa pili amekaribia ukweli. Dawa ni giaboksi yenye ovadraivu, yaani gia ya nne iliyo chini ya moja, inayoiwezesha propela kuzunguka haraka kuliko injini. Ya 700R4 ni 0.70. Kwa 4.10 utashuka mpaka 2,600 kwenye maili 70, na konveta yake inajifunga kwa hiyo hakuna kuteleza tena. Tatizo liko kwenye gia yake ya kwanza, 3.06. Mara 4.10 ni 12.55. Kwa mizunguko 5,000 gia ya kwanza itakwisha ukiwa maili 31 tu kwa saa. Tena gia ya pili ya 700R4 ni 1.63, kwa hiyo kutoka ya kwanza kwenda ya pili ni kama kushuka ngazi iliyokatika kipandio: injini iliyokuwa 5,500 inaanguka hadi 2,900 na kidogo. Injini yenye kemshafti kali (kemshafti ni shafti inayofungua vali) inazama hapo na kuanza kupanda upya. TH350 yako, kwa kuruka kulekule, inaangukia 3,300. Giaboksi ya 700R4 si mbaya hata kidogo. Ningekuwa na Chevelle ya 350 ya kiwandani na difu ya 3.08 au 3.31, ningeichukua bila kusita, kwa sababu 3.06 mara 3.31 ni 10.13, safi kabisa. Haiendani tu na 4.10.

Hapo ndipo 200-4R inapoingia. General Motors walianza kuitumia mwaka 1981. Gia zake ni 2.74, 1.57, 1.00 na ovadraivu 0.67. Kwa difu yako ya sasa, kuondoka ni 11.23, juu kidogo ya 11 lakini chini ya 12, na barabara kuu ni mizunguko 2,485. Ukija kuweka 3.73, kuondoka ni 10.22, karibu sawasawa na 10.33 unayoipenda leo, na barabara kuu ni 2,260. Yaani mtu anayekaa pembeni yako kwenye taa hatajua kama umebadilisha kitu, lakini I-70 injini imepunguza mizunguko zaidi ya 1,400 kwa kila dakika. Zidisha kwa dakika 150 za safari yako, utaona pistoni zimepumzishwa kiasi gani.

Kwa upande wa kufunga, urefu wake ni sawa na TH350 fupi, inchi 27 na 11/16, na meno ya propela ni yaleyale 27. Kwa kawaida propela yako inabaki bila kukatwa. Kinachohama ni ule mhimili wa chini unaobeba mkia wa giaboksi, unasogea nyuma. Giaboksi ya 700R4 ni ndefu zaidi kwa inchi tatu, kwa hiyo propela ingebidi ifupishwe na kusawazishwa upya.

Udhaifu wake nakuambia wazi. Nyingi ya 200-4R zilitoka kwenye magari ya miaka ya 80 yenye injini pole. Ukiichukua kwenye gari bovu uwanjani ukaifunga nyuma ya 350 iliyo hai, itakufa. Lakini giaboksi hiyohiyo, ikiwa imeimarishwa, ndiyo iliyobeba Buick Grand National, gari la turbo lililoziaibisha V8 nyingi mwaka 1986 na 1987. Kwa hiyo nunua iliyojengwa upya na fundi wa otomatiki ambaye anakuandikia ameweka nini ndani: klachi bora, pampu iliyoimarishwa, na toki konveta iliyochaguliwa kufuata kemshafti yako. Giaboksi isiyo na karatasi ya kazi iliyofanyika ndani, iache hata ikiwa nusu bei.

Sasa tulia hapa, maana ni hapa watu wanapochoma pesa. Giaboksi za 200-4R na 700R4 zote zina waya unaotoka kwenye kabureta kuingia kwenye giaboksi. Mafundi wa huku wanauita waya wa TV, kifupi cha "throttle valve". Wengi huudhani ni waya wa kuishusha gia ukikanyaga mafuta mpaka mwisho tu, kama ule wa TH350. Sivyo. Waya huu ndio unaoiambia giaboksi iweke shinikizo gani la mafuta kwenye klachi. Ukikanyaga mafuta na waya usivutike vya kutosha, shinikizo linabaki dogo wakati injini inasukuma kwa nguvu zote, klachi zinateleza, zinaungua. Haichukui mwezi. Niliwahi kuletewa 700R4 iliyojengwa upya, ya bei kubwa, iliyokuwa imetembea maili zisizofika 40. Aliyeifunga alifunga waya kwenye tundu lolote lililokuwa jirani kwenye mkono wa kabureta, akaona inabadilisha gia, akampa mwenye gari funguo. Nilipofungua sampo, mafuta yalikuwa meusi na yananuka kama mkate uliosahaulika jikoni, na chini kumetulia unga wa klachi kama kahawa iliyosagwa. Mwenye gari alisimama pale akautazama tu ule unga.

Kwa hiyo nunua kipande cha kona cha kabureta kilichotengenezwa kwa ajili ya kazi hii, kile kinachoweka tundu la waya mahali sahihi kwa umbo la kabureta yako. Ukimaliza, mtu mmoja akanyage pedali ya mafuta mpaka sakafuni, injini imezimwa, na wewe utazame chini ya boneti: mkono wa kabureta uwe umefunguka wote na waya uwe umevutika mpaka mwisho wake kwa wakati mmoja. Kisha funga geji ya shinikizo kwenye giaboksi na usome kwa macho yako kabla gari halijagusa barabara. Fundi akikuambia geji haina haja, peleka gari kwingine. Nasema hivi kwa moyo wote.

Mengine ni ya kawaida. Konveta ya kujifunga inahitaji waya wa umeme na swichi, ijifunge kwenye gia ya nne tu, ukishapita maili 45 au 50 kwa saa; ikijifunga mapema gari linatetemeka. Weka kipoza mafuta cha ziada mbele ya rejeta. Badilisha kigia kidogo cha plastiki cha spidimita kifuatane na difu na tairi, la sivyo utapewa faini huku mshale unakuonyesha uko sawa. Na mkia wa giaboksi ukishahamishiwa kwenye mhimili mpya, pima pembe ya propela na pinioni, kwa sababu mtetemo unaoanza maili 60 mara nyingi chanzo chake ni hapo, si matairi.

Rafiki wa tatu na gia sita zake. Giaboksi ya T56 ni kitu kizuri: aina moja yake ina gia ya kwanza 2.66 na ya sita 0.50. Kwa 4.10 kuondoka kungekuwa 10.91 na maili 70 ungekuwa mizunguko 1,850. Lakini hesabu si namba peke yake. Unahitaji pedali, klachi, gurudumu zito la injini (flaiwili) lingine, propela, na kwenye Chevelle mara nyingi unakata sakafu ili giaboksi iingie. Kama roho yako inataka manyuo, tazama Tremec TKX ya gia tano, ambayo imetengenezwa nyembamba kwa ajili ya magari ya zamani kama lako. Gia ya kwanza 2.87, ya tano 0.68, kwa difu 3.55 au 3.73 inakaa vizuri sana. Ila umesema mke wako huliendesha, wala hukusema kama anaipenda klachi. Muulize yeye kabla hujaniuliza mimi. Gari la familia likigeuka la mtu mmoja ni hasara ambayo haimo kwenye risiti.

Kuna jambo moja kuhusu manyuo ambalo watu wengi hulikosea. Wanadhani gia nne za zamani za Muncie zitapunguza kelele. (Ukienda kwa dada yako, mji wa Muncie, Indiana, uko kaskazini mwa njia yako, ndiko General Motors walikozitengeneza kuanzia 1963.) Muncie M20, M21, hata M22 yenye meno yaliyonyooka zaidi na mlio wake unaojulikana, gia ya nne zote ni 1.00. Kwa 4.10 utalia vilevile 3,700. Ni giaboksi za heshima na nazipenda, lakini hazina ovadraivu.

Kabla hujalipa senti, kuna swali moja ambalo ni wewe tu unaweza kulijibu: kemshafti iliyomo ni ipi? Mtu aliyeweka 4.10 kwa ajili ya mbio mara nyingi aliweka na kemshafti kali. Sikiliza gari likiwa limesimama linaunguruma. Kama linapiga pole, sawasawa, kwenye mizunguko 650 au 700, huenda ni ya kiwandani, na itafurahia 2,260 barabarani. Kama linaruka-ruka, linatikisa boneti, na linataka 900 au 1,000 ndipo lisizime, basi ni kali, na injini ya namna hiyo haina nguvu chini. Ukiishusha mno kwenye ovadraivu itaburuta, itagongagonga ukikanyaga mafuta kupanda mwinuko, na itakula mafuta kuliko sasa. Kwa kemshafti kali, 4.10 na 200-4R ya mizunguko 2,485 ndiyo ndoa yenyewe, na 3.73 ungekuwa umeinunua bure. Hii ndiyo sababu nimekuambia usiguse difu kwanza.

Unaweza kupima leo hii bila kununua kitu. Kwenye barabara tambarare weka gia ya tatu, tembea maili 42 kwa saa. Hapo injini yako iko karibu 2,200. Kanyaga mafuta polepole, kama robo ya pedali, usiifikie ile sehemu inayoirudisha gia ya pili. Ikivuta bila kugonga wala kusitasita, ni dalili njema. Ikikataa hapo, basi kwa maili 70 itakataa zaidi, maana upepo unaolizuia gari kwa mwendo huo ni karibu mara tatu ya ule wa maili 42. Kwa hiyo jaribio hili linaweza kukukatalia, haliwezi kukuhakikishia. Lakini kukataliwa bure ni nafuu kuliko kukataliwa kwa pesa.

Kuhusu matairi, mtu anaweza kukushauri uweke makubwa ya inchi 28, mfano 275/60R15. Ni kweli 4.10 itakuwa kama 3.81. Utapunguza mizunguko 265 tu kwenye maili 70, na mara nyingi tairi hilo litasugua bodi kwenye shimo. Siyo dawa ya ugonjwa wako.

Ikifika siku ya kuweka 3.73, mwambie fundi afungue kwanza atazame nyumba ya krauni. Wako watengenezaji wa krauni nene za 4.10 zinazokaa kwenye nyumba ya 3.73; kama aliyekuuzia alitumia hiyo, una bahati, utanunua krauni na pinioni tu na Positraction itabaki. Kama sivyo, utanunua na nyumba. Na kazi hii usimpe fundi wa haraka. Pinioni inakaa kwa kina kinachopimwa kwa sehemu za elfu za inchi, na mwanya kati ya meno ya krauni na pinioni uwe kati ya elfu 6 na elfu 10 za inchi. Fundi mzuri atapaka rangi ya njano kwenye meno machache, atazungusha difu huku ameizuia kidogo, kisha atakuita uone: alama ya kusuguana iwe katikati ya jino, isiwe ukingoni juu wala imezama kwenye shina. Simama uangalie alama ile. Difu iliyopangwa vibaya itakulilia kama filimbi kwenye maili 55, na utakuwa umetoa kelele ya injini ukaleta ya difu.

Mafuta ya difu yawe na dawa ya Positraction, la sivyo kila kona utasikia klachi zake zikikwaruza. Siku ya kwanza tembea dakika 15 hadi 20 kwa mwendo wa kawaida, rudi nyumbani, acha ipoe kabisa mpaka uweze kuishika kwa mkono. Maili 500 za kwanza usichomoke kwenye taa na usivute mzigo, kisha mwaga mafuta uweke mapya. Safari ya Indianapolis iwe baada ya hapo.

Wiki hii fanya yale mawili ya chaki, tairi na propela, na lile jaribio la maili 42. Niandikie namba ulizopata, na uniambie injini inaunguruma vipi ikiwa imesimama. Nikishazijua hizo, nitakuambia toki konveta ya aina gani uagize pamoja na giaboksi.